Firigisi ya Mtia Nia

Tangu mume wangu afariki, firigisi ya kuku nyumbani kwangu naila mimi. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Kuku akichinjwa, mapaja yanaweza kwenda kwa yeyote, watoto wanaweza kugombania shingo na miguu, lakini firigisi inawekwa kwenye bakuli la baba. Baba akiamua kumpa mgeni, mgeni huyo anajua amepokewa kweli. Mwanamke kazi yake ilikuwa kuipika na kuipitisha. Arobaini ya mume wangu ilipoisha, shemeji zangu walitaka firigisi ihamie kwa mwanangu, kijana ambaye wakati huo hata ndevu alikuwa anazitafuta kwa kioo. Nilikuwa nimeshika bakuli mkononi. Rafiki yangu, aliyekaa karibu na mlango, akaniambia bila kupunguza sauti, "Kula. Ni nyama tu." Nikaila pale pale nimesimama. Ilikuwa ngumu, haina lolote la ajabu, na nilikasirika kwamba walikuwa wametunyima miaka yote kitu cha kawaida namna ile.

Rafiki huyo ni nesi mstaafu. Kila mtu hapa anamwita Nesi, hata wajukuu zake mwenyewe. Alipochukua fomu ya kugombea udiwani wa kata yetu kupitia chama, nilichinja jogoo, nikaita wanawake wenzangu wa tawi, na mbele yao firigisi nikamwekea Nesi. Haikuhitaji hotuba. Mimi ni mjumbe, nami ni mmoja wa wale wanaopiga kura za maoni, na wajumbe wanawake wa tawi letu wana tabia ya kunitazama mimi kwanza. Hapa kwetu anayepita kwenye kura za maoni ndiye diwani, uchaguzi wenyewe ni kumalizia tu. Kwa hiyo siku ile watu walikwenda kwao wakijua tawi letu liko wapi.

Sababu yangu ilikuwa moja, na haikuwa urafiki. Kijiji chetu kiko ng'ambo ya mto ukitokea Mtinko, iliko hospitali. Karibu mwaka mzima mto huo ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo na sisi tunachimba visima katikati yake. Mvua zikikolea unashuka maji mekundu, na hakuna anayevuka, awe na pikipiki awe na gari. Masika ya mwaka juzi mke wa mwanangu alishikwa na uchungu maji yakiwa yamejaa. Tulimpandisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tukakaa ukingoni kusubiri maji yapungue. Hayakupungua. Mtoto alizaliwa pale, akiwa ameshafariki. Mwanangu alikuwa Itigi kwenye vibarua vya reli, akafika tumeshazika. Tangu hapo kila nikisikia ngurumo upande wa mashariki natoka nje kwenda kutazama mto.

Na boma la zahanati tunalo. Tulijenga wenyewe. Wanaume walifyatua tofali na kuzichoma, sisi wanawake tulibeba maji kwa ndoo kutoka kwenye visima vya mtoni hadi shingo zikagoma kugeuka. Kuta zikafika kwenye lenta, tukaambiwa tusubiri serikali iezeke. Diwani wetu akaja, akapigwa picha mbele yake, akaondoka. Mvua zikalinyeshea boma masika baada ya masika, na ndani ya chumba tulichokiita cha kujifungulia ukaota mbarika mrefu kuliko mimi. Nesi alikuwa amesema jambo moja tu alipokuwa anazunguka kuomba kura: zahanati kwanza, mengine baadaye. Mkwe wangu alikuwa na mimba tena, tumbo ndio kwanza linaanza kuonekana. Nilihesabu miezi kwa vidole nikaona itaangukia katikati ya mvua. Ndiyo sababu yangu.

Nesi alikuja siku nikipepeta alizeti uani. Niliona anatembea kwa kujivuta nikajua kuna jambo.

"Nimejitoa," akasema, hata kabla ya salamu.

Nikaendelea kupepeta. Nilidhani ukipuuza neno kama hilo linaweza kurudi lilikotoka.

"Umesikia? Nimejitoa kwenye udiwani."

Akaeleza. Mmoja wa watia nia wengine alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume wake, yule mwenye mashine ya kukamua alizeti pale njia panda. Wazee wa ukoo wa mume wake walikaa, wakasema watu wawili wa nyumba moja hawawezi kuparurana mbele ya kata nzima. Mmoja apumzike. Hakuna aliyeuliza ni yupi.

"Na wewe ukakubali?"

"Udiwani ni miaka mitano," akasema. "Na hawa watu nitazikwa nao."

Nilimtupia ungo. Sikumlenga, lakini niliutupa, na alizeti zikamwagika, kuku wakaja mbio kutoka pande zote wakidhani ni sikukuu. Nesi akaanza kuwafukuza. Huku akiwafukuza akasema kile alichokuja kusema: kwamba wazee wanaomba kura zake ziende kwa shemeji yake, na mimi niwaambie wanawake wa tawi.

"Mimi siyo mbuzi wa kukabidhiwa kwa kamba," nikamwambia. "Kawaambie hivyo hivyo."

Nesi akaokota ungo, akaufuta kwa upande wa kitenge chake, akauegemeza ukutani vizuri, akaenda zake.

Siku zilizofuata sikuweza kukaa. Nilikuwa naanza kuponda dawa ya kuku, naiacha, nachukua jembe, nalirudisha. Nilitia chumvi kwenye chai, mkwe wangu akainywa bila kusema neno kwa sababu ya heshima, hadi nilipoionja mwenyewe. Wajumbe wenzangu walipita mmoja mmoja, wakijifanya wanaazima kinu. "Mama, sasa tunaelekea wapi?" Nilikuwa nawajibu kwamba bado natafakari. Sikuwa natafakari lolote. Nilikuwa na hasira na Nesi, na hasira ile ilikuwa imejaa kichwa kizima, hata nafasi ya kufikiri haikuwepo.

Walibaki wawili: diwani wetu yule yule aliyekuwa anarudi kuomba tena, na mwenye mashine.

Diwani alitangulia kunifikia. Alisikia Nesi amejitoa, na kesho yake pikipiki yake ilikuwa mlangoni kwangu. Nilimpa ugali na mlenda. Akala kwa sifa nyingi, akisema mlenda wa hapa haupatikani popote, ingawa tulikuwa tunajua wote wawili kwamba macho yake yalikuwa kwa kuku waliokuwa wanapita. Nikamwambia twende bomani. Alisimama nje, hakutaka viatu vyake viguse samadi ya mbuzi waliokuwa wanajificha jua humo ndani.

"Mama yangu, hili limekwisha," akasema akinionyesha juu, pale ambapo paa lingekuwa. "Fungu limetengwa. Kabla mvua hazijaanza bati zitakuwa juu. Mkweo atajifungulia humu."

Nisiwe muongo, nilimwamini. Nilimwamini kwa sababu nilitaka sana. Alipoondoka nilichukua panga nikakata ule mbarika, nikafagia samadi, nikasimama katikati ya chumba cha kujifungulia nikitazama mbingu, nikajaribu kuona bati. Nilirudi nyumbani nimechoka vizuri, na usingizi ulikuja bila taabu, mara ya kwanza tangu Nesi ajitoe.

Haukupita muda likatokea lile la firigisi.

Nilikuwa nimekwenda kwenye msiba wa jirani. Nikiwa huko, mwenye mashine akafika nyumbani kwangu akiwa na Nesi. Mkwe wangu alikuwa peke yake. Yeye mambo ya kujitoa alikuwa ameyasikia, lakini alichojua zaidi ni kwamba Nesi ni Nesi, mtu aliyekaa naye ukingoni mwa mto siku ile mbaya. Akachinja. Na kwa kuwa nyumbani kwetu Nesi alikuwa ameshapewa firigisi, akaiweka kwenye bakuli kwa ajili ya Nesi, juu kabisa, ionekane.

Nilifika mlangoni wakati huo huo bakuli linawekwa mezani. Nesi, kama mke yeyote wa ukoo ule, alimsogezea shemeji yake bakuli kwanza. Ni mkono uliozoea, haukuuliza kichwa. Mwenye mashine akachungulia, akaiona. Akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama pale na kitenge cha msibani.

"Mama," akasema, na sauti yake ilibadilika kabisa. "Shikamoo mama. Kwa kweli nashukuru. Sikutegemea."

Akaitia mdomoni.

Mtu akishatia firigisi yako mdomoni utamwambia nini? Umwambie ateme? Nesi alinitazama, mimi nikamtazama mkwe, mkwe akatazama chini. Mwenye mashine alikuwa anatafuna kwa heshima zote, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya alizeti nilimwona Nesi akiuma midomo asicheke, na mimi nilikuwa bado nimemnunia, kwa hiyo nilitazama ukuta.

Hawajamaliza kunawa mikono nikawaambia twende bomani. Nilitaka aahidi, ili nimwone ni muongo wa kiasi gani akilinganishwa na mwenzake. Mwenye mashine aliingia ndani na viatu vyake. Alipitisha kiganja kwenye ukuta wa mashariki, ule unaopigwa na mvua, akakwaruza kwa kucha, udongo ukamwagika. Akasukuma kwa bega. Nikasikia kitu kinalia ndani ya ukuta.

"Mama, ukuta huu umekufa," akasema. "Na ule pale pia. Wakiezeka juu yake utaangukia wagonjwa. Inabidi kubomoa, upande huu wote hadi msingi."

"Bati zinakuja kabla ya mvua," nikasema.

"Nani kakwambia?"

Nikatazama juu, pale diwani aliponionyesha.

"Mimi hata mkinipa kura zote," akasema, "masika haya hakutakuwa na zahanati hapa. Huyo mkweo mpelekeni Mtinko mapema, mto ukiwa bado mchanga. Akapange chumba huko asubiri."

Nilitamani kumpiga. Hakubeba ndoo hata moja. Tofali zile nazijua, kuna zenye alama za vidole vya wanawake waliozigeuza zikiwa mbichi, ambao sasa hawapo. Na hapo hapo nilikumbuka kwamba ni yeye ambaye kwa ajili yake Nesi aliambiwa apumzike, na sasa anasimama kwenye chumba nilichokifagia anakitamkia kifo, na firigisi yangu iko tumboni mwake. Nikamwambia kwaheri kwa maneno machache.

Jua halijazama, kijiji chote kilikuwa na habari. Mama kampa mwenye mashine firigisi. Kwenye kisima, kwenye kilabu, mlangoni mwa msikiti na kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Wajumbe wenzangu wakaja kwa pamoja safari hii, bila kisingizio cha kinu. Mmoja alikuwa amefurahi, mwingine amekasirika kwa kuwa alishamwahidi diwani kura yake, na wote walikuwa tayari kunifuata. Nilijaribu kueleza kwamba ilikuwa bahati mbaya. Nilipofika kwenye sehemu ya Nesi kusogeza bakuli walicheka hadi wakashikana, na nikaona hawaniamini.

Siku moja kabla ya kura nilivunja mnuno wangu, nikaenda kwa Nesi. Alikuwa anachambua choroko.

"Nimpe nani?" nikamuuliza nikiwa bado mlangoni.

"Karibu ndani kwanza."

"Siingii. Nimpe nani?"

Akaokota kijiwe kwenye choroko akakitupa. "Nikisimama mbele za watu nasema shemeji," akasema. "Hapa mlangoni, mimi na wewe, bado nina hasira naye. Alikaa kwenye kile kikao ananitazama, hakusema hata kwamba nami nafaa. Kwa hiyo usiniulize mimi. Mimi siwezi kutofautisha hasira na akili kwa sasa."

"Na ukuta? Ni kweli umekufa?"

Hapo aliacha choroko. "Nimejua tangu mwaka jana," akasema. "Niliogopa kukwambia. Ulikuwa unalitazama lile boma kama mtoto wako."

Kumbe hata Nesi wangu, kama angegombea, angenyamaza kuhusu ukuta. Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu, nikapita bomani, nikasukuma ukuta wa mashariki kwa bega kama alivyofanya yeye. Ukalia. Nikasukuma tena. Nilisimama pale nikisukuma na kusikiliza, nikitamani mara moja tu usilie.

Kura zilipigiwa shuleni, kwenye darasa la wadogo, na tulikaa kwenye madawati yaliyotufanya magoti yafike kidevuni. Kabla hatujaingia niliwaita wajumbe wenzangu chini ya kivuli cha ukuta wa choo, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi.

"Ile firigisi aliila kwa bahati mbaya," nikawaambia. "Msiifuate. Kila mtu ana kalamu yake."

"Na sisi basi tupige kwa bahati mbaya?" akauliza mmoja, na wakacheka tena.

"Nendeni mkasukume ukuta," nikasema. "Mkitoka hapo mpige mnavyotaka." Wawili walikwenda kweli, shule na boma haviko mbali. Walirudi hawacheki.

Diwani alijieleza vizuri. Anajua kuongea, na alipofika kwenye zahanati alinitazama mimi akasema bati, na watu wakapiga makofi. Mwenye mashine alijieleza vibaya. Alishika karatasi, akapoteza mahali alipokuwa amefikia kusoma, na kuhusu boma akasema yale yale aliyoniambia: kubomoa. Darasa likaguna. Mzee mmoja nyuma yangu akasema huyu amekuja kujenga au kuvunja.

Nilipewa karatasi yangu. Nesi alijitoa karatasi zikiwa zimeshatayarishwa, kwa hiyo jina lake lilikuwepo, la kwanza, limepitishwa mstari wa kalamu. Mkono wangu ulikwenda pale wenyewe. Nilitaka sana kuweka alama kwenye jina lile lililofutwa, nipige kura ya hasira, nirudi nyumbani mikono ikiwa safi. Halafu nikafikiria mkwe wangu ndani ya chumba kile, amelala, bati juu, mvua ya mawe inagonga, na ukuta wa mashariki unalia kidogo. Niliweka alama kwa mwenye mashine. Niliiweka kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, na nikahofia wataihesabu imeharibika. Hakukuwa na furaha yoyote ndani yake. Nilijisikia nimemsaidia mtu aliyemkalia rafiki yangu.

Alishinda, kwa kura chache. Nikarudi nyumbani nikamwambia mkwe aanze kufungasha vitu vyake taratibu. Mto ukiwa bado mchanga tulivuka naye, tukampangia chumba Mtinko, na Nesi akahamia naye huko bila kuombwa. Mvua zikaja, mto ukajaa, mimi nikabaki upande huu. Siku hizo nilitembea zaidi ya nilivyowahi kutembea maishani, nyumbani hadi mtoni, mtoni hadi nyumbani, hadi watu wakaniuliza nimepoteza nini. Mnara wa simu ulikuwa unazima kila mvua ikinyesha. Asubuhi moja nilimkuta Nesi amesimama ng'ambo, kitenge kimelowa, anapiga kelele na maji yanazimeza. Akaona simsikii. Akakunja mikono kifuani, akaanza kubembeleza hewa, kulia na kushoto, kulia na kushoto. Niliketi kwenye tope nikalia kwa sauti, kwa kuwa hakuna ambaye angenisikia.

Ukuta wa mashariki uliangukia ndani masika yale yale. Mbuzi wawili walikufa. Mvua zilipokatika diwani mpya alikuja na watu wake wakabomoa ukuta wa pili na zilizobaki hadi msingi, na wanawake waliobeba maji walikuja kutazama, wengine wakilia. Sasa pale kuna msingi na jamvi la nyasi, na tofali mpya zinazosubiri kuchomwa. Kijiji hakinisemi kwa siri. "Wewe ndiye uliyempa firigisi," wananiambia kisimani. "Kabla yake tulikuwa na boma, sasa tuna uwanja." Kila asubuhi napita pale kuona kama kuna tofali imeongezeka, na siku nyingi haijaongezeka.

Juzi diwani mpya alipita na kuketi uani. Mkwe wangu akachinja, mtoto akiwa mgongoni, anatafuna ncha ya kitenge kwa fizi zinazowasha. Kabla ya kupakua alinijia jikoni akaninong'oneza, kwa kuwa safari hii hakutaka kukosea.

"Mama, firigisi leo ya nani?"

Nilitazama nje, kule kwenye msingi.

"Ya kwako," nikasema.

Alidhani namtania. Nikaitoa kwenye sufuria kwa mkono wangu, nikampulizia, nikampa. Aliila pale pale jikoni amenipa mgongo kidogo kwa aibu, na mtoto akanyoosha mkono kuitaka. Nje, diwani alikuwa anapekua mchuzi kwa kijiko, taratibu, upande huu na upande ule. Alifika chini ya bakuli. Akainua macho akatazama jikoni, kisha akatazama msingi, akaanza kula mchuzi.